Zulia Halichafuki Haraka kwa Sababu ya Kufuliwa

Wapo wanaoamini tangu zamani kwamba zulia likishafuliwa mara moja huanza kuchafuka upesi, na kwa hiyo ni afadhali kuliacha lilivyo kwa miaka. Wanachokiona ni kweli, ila sababu wanayoitaja siyo. Kisa ni sabuni iliyobaki: sabuni ya unga inapomwagwa kwa wingi kisha ikasuuzwa kijuujuu, masalia yake hukaukia kwenye mashina ya nyuzi, yakawa yananata na kunasa vumbi la miguu ya kila anayepita. Ukitaka kuhakikisha, lowesha kitambaa cheupe kwa maji matupu, kisha ukisugue kwenye zulia lililofuliwa wiki iliyopita. Kikitoa povu au utelezi, sabuni bado imo. Dawa yake ni kulisuuza tena kwa maji safi, si kuongeza sabuni (kosa ambalo hata baadhi ya mafundi hulifanya), na kulianika siku hiyo hiyo, hasa pwani ambako unyevu wa hewa hulichelewesha kukauka hadi likaota kuvu. Wala kutolifua hakulilindi, kwani chembe za mchanga zilizozama chini husaga nyuzi kila linapokanyagwa.