Hesabu za mafumbo: kwa nini mtoto anayejua kutoa hukwama

Mwandikie mtoto wa gredi ya pili 12 – 5 ubaoni, atakupa 7 bila wasiwasi. Kisha mwambie: "Amina ana mabuyu 12, matano zaidi ya Juma. Juma ana mangapi?" Usishangae ukijibiwa 17.

Hesabu za mafumbo ni maswali yaliyofungwa ndani ya kisa. Mtoto haambiwi ajumlishe wala atoe. Anasikiliza yaliyotokea, kisha anaamua mwenyewe. Mara nyingi kinachomkwamisha si ukubwa wa namba, ni mahali ilipofichwa ile inayotafutwa.

Thomas Carpenter na Elizabeth Fennema wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, pamoja na wenzao, waliyapanga mafumbo ya kujumlisha na kutoa katika makundi manne: kuongezewa, kupunguziwa, sehemu na jumla, na kulinganisha. Ukizingatia pia ni namba ipi haijulikani, unapata aina 11.

Chukua kupunguziwa. Muuza mahamri wa Mwembe Tayari alikuwa na mahamri 15, akauza 9. Yamebaki mangapi? Mtoto anapanga vizibo vya soda 15, anaondoa 9, anahesabu vilivyobaki. Rahisi. Sasa sema: alikuwa na 15, akauza kadhaa, yakabaki 6, aliuza mangapi? Hapo atafikiri kidogo. Kisha mpe hili: alitoka nyumbani na mahamri, akauza 9, yakabaki 6, alitoka na mangapi? Vizibo vinamgandia mkononi, maana hajui aanze na vingapi. Kisa ni cha kuuza, ila jibu linapatikana kwa kujumlisha.

Ndiyo maana siipendi ile njia ya mkato ya "ukiona zaidi jumlisha, ukiona baki toa". Imempoteza mtoto kwa Juma, na itampoteza tena kwa muuza mahamri.

Sehemu na jumla haina tendo lolote. Matatu imejaa abiria 14, wanaume ni 8, wengine wote ni wanawake. Wanawake ni wangapi? Hapa hakuna aliyepanda wala aliyeshuka, kwa hiyo mtoto aliyezoea visa vya kupewa na kunyang'anywa huuliza, "Kwani nani ameondoka?"

Kulinganisha ndiko kunakotaka subira. Kabla ya namba yoyote, muulize: kati ya Amina na Juma, nani ana mabuyu mengi? Akishajibu Amina, apange vizibo 12 vya Amina kwa mstari, atenge vile 5 alivyomzidi Juma pembeni, kisha chini ya kila kilichobaki aweke kimoja cha Juma. Ile 17 haitarudi, kwa kuwa Juma hawezi kumpita Amina.

Na kama swali kitabuni limeandikwa kwa Kiingereza, msimulie kwanza kwa Kiswahili, bila namba, naye akusimulie tena. Akishindwa kusimulia, bado hamjafika kwenye hesabu.