Kwani ndege nayo inakula oili? Fundi ndege anajibu

Juzi kati nilikuwa uwanja wa Songwe, sio kikazi, nilienda kumpokea shemeji, sasa mama mmoja aliyekaa jirani yangu anasubiri kuondoka akawa anaangalia nje kwenye kioo, akaona kijana mwenye kizibao cha njano kapanda ngazi fupi kafungua kifuniko cha injini anachungulia na tochi. Mama akashtuka. "Jamani, mbona ndege inatengenezwa na sisi ndo tunaondoka nayo sasa hivi?" Nikamwambia hapana mama, anapima oili tu. Akanigeukia kabisa, "Kwani ndege nayo inakula oili? Basi hiyo mbovu kama zile kosta za Tunduma."

Nilicheka lakini swali lake ni zuri, na pale chuoni kwetu tunakofundisha ufundi ndege nilipowasimulia wakaniambia basi andika, watu wengi wanajiuliza hivyohivyo.

Jibu fupi, mama, ni ndiyo, inakula. Zote zinakula, mpya na kuukuu. Kwenye injini ya turbini, yaani ile inayozungushwa na gesi ya moto, shafti inazunguka juu ya beringi, na kinachozuia oili isivuje pale kwenye beringi mara nyingi sio mpira kama kwenye gari, ni hewa yenye presha inayosukumwa pembeni ya beringi ili oili ibaki ndani. Hiyo hewa inachanganyika na oili kidogo, inatengwa, halafu inatolewa nje kupitia bomba la kupumulia, na haikosi kuondoka na ukungu kidogo wa oili. Kwa hiyo injini nzima kabisa bado itapunguza oili polepole, na wala sio ugonjwa.

Chukua Cessna Caravan, zile ndege ndogo za propela moja ambazo watu wa Iringa wanaziona zikienda Ruaha kushusha watalii. Injini yake ni PT6A, na ile sehemu ya kuzalisha gesi ikifika asilimia 100 inazunguka mara 37,500 kwa dakika. Propela mbele haiendi zaidi ya 1,900. Kati ya hiyo 37,500 na 1,900 kuna giaboksi, kuna meno na beringi za kutosha, na yote hayo yanaishi kwa oili. Tena oili hiyohiyo ndo inageuza mapanga ya propela yakate hewa zaidi au kidogo, na joto lake ndo linapasha mafuta ya ndege yasiwe na barafu kabla hayajaingia kwenye injini. Rubani anatakiwa aone presha ya oili kati ya 85 na 105 kwa kipimo cha psi, joto lisivuke nyuzi 99 za Selsiasi. Ikikosekana oili hapo hata propela yenyewe inajilaza, mapanga yanageukia upepo kwa makali na hayavuti tena, imegoma.

Sasa hapa kuna kitu ambacho dereva wa Fuso akisikia atabisha. Gari unapima oili asubuhi injini imepoa, si ndiyo? Turbini ni kinyume chake. Unapima injini ikiwa imezimwa sasa hivi, ndani ya dakika chache, kila injini kitabu chake kinasema muda wake, na ukichelewa ukaja kesho asubuhi unachosoma kinaweza kuwa uongo. Sababu ni kwamba oili inakaa kwenye tenki lake na ndege ikilala inachuruzika polepole kutoka kwenye tenki kwenda chini kwenye giaboksi, kwa hiyo dipstiki, kile kijiti cha kupimia, inaonyesha imepungua wakati oili yote imo, imehamia chumba kingine tu.

Najua kwa sababu nilishaumbuka. Nilikuwa mwanafunzi wa vitendo, Iringa, mwezi wa saba, ile baridi ya Nduli asubuhi ambayo unashika spana unahisi imekuuma. Nimetumwa nikapime oili, ndege imelala pale siku mbili. Nikachomoa dipstiki, chini kabisa. Nikapata kiherehere, nikafungua kopo nikamimina, nikaongeza la pili, nikafunga, nikajiona fundi. Injini ilipowashwa ikapasha vizuri, ile oili iliyojificha kule chini ikapandishwa kurudi kwenye tenki ambalo mimi nimeshalijaza, ikakosa pa kwenda, ikatokea kwenye bomba la kupumulia. Ubavu wa ndege wote ukawa unang'aa kama umepakwa samli, moshi mweupe, rubani anatuonyesha mkono zima zima. Mzee wetu wa hanga, lile banda la kutengenezea ndege, Mhehe asiyepandisha sauti, akaja akasimama pembeni yangu. "Kamwene." Nikaitikia. Akasema, "Kijana, wewe ulipima oili au ulipima usingizi wa injini?" Halafu akanipa matambara, nikafuta mpaka saa sita. Toka siku hiyo, injini ikiwa imelala, nafuata kitabu kinavyosema, inazungushwa au inawashwa kwanza kwa muda mfupi, inazimwa, ndo unapima.

Ndo maana yule kijana wa Songwe alipanda ngazi mapema vile, abiria hata hawajamaliza kuchukua mabegi. Ukisogea karibu unasikia chuma kinalia ti, ti, ti kinapoa. Ana glovu mkononi, kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, maana kanyuzi kamoja kakiingia kwenye tenki kanaweza kwenda kuziba kijitundu cha kumwagia oili kwenye beringi. Kwenye ndege kubwa mara nyingi hachomoi kitu, kuna kioo kidogo pembeni ya tenki anasoma. Kwenye Caravan anachomoa, anafuta, anarudisha, anachomoa tena, na dipstiki yake ina alama mbili za juu, moja ya kusoma oili ikiwa moto na moja ikiwa imepoa, na sio lazima ijazwe mpaka kwenye alama, inaruhusiwa kuwa chini yake mpaka kopo moja na nusu. Kopo moja ni robo ya galoni ya Kimarekani, karibu mililita 946. Akimaliza anafunga kifuniko, anakishika anakitingisha, halafu anakishika tena. Hiyo mara ya pili wengi wanaona ni mbwembwe, mimi naona ndo kazi yenyewe.

Ila ngoja niseme kitu ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko hayo yote. Kiasi kilichomo kwenye tenki leo sio habari kubwa. Habari ni umeongeza makopo mangapi kwa saa ngapi za kuruka. Tuseme ndege imeruka saa 20 ukaongeza kopo moja, saa 20 nyingine kopo moja, halafu saa 20 zinazofuata makopo matatu. Kila siku ukipima dipstiki iko sawa tu, si unaongeza! Rubani ana furaha, abiria wana furaha, na ndani kuna sili, yaani kizuizi cha oili, inakufa taratibu. Anayekuonyesha ni kitabu cha ndege, pale ulipoandika tarehe, saa na makopo. Fundi anayeongeza oili asiandike, hata nusu kopo, mimi kwangu huyo anaficha mgonjwa uvunguni. Na kinyume chake nacho kinatisha, ukiona oili haipungui kabisa au imepanda yenyewe usishangilie, nusa hiyo dipstiki, inaweza kuwa mafuta ya ndege yanapenya kuingia kwenye oili kupitia kile kifaa ambamo joto la oili linapasha mafuta, na oili iliyochanganyika na mafuta inakuwa nyepesi, hailindi tena beringi.

Pia kuna kaplagi fulani kenye sumaku ndani ya njia ya oili, kazi yake kukamata vipande vya chuma, sisi tunaviita chipsi, na wanafunzi wangu wa Mwanjelwa kila mwaka wananiuliza kama zina mayai. Unakachomoa unaangalia. Uji mwembamba wa kijivu mara nyingi ni kawaida, ila ukikuta kipande kinachong'aa, hasa chenye umbo la gamba, ndege hiyo haiendi popote mpaka ijulikane kimetoka wapi.

Na hako kaplagi kana historia. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Airlines, L-1011 yenye injini tatu, iliondoka Miami kwenda Nassau na watu 172. Usiku wa kuamkia siku hiyo mafundi walibadilisha zile plagi za sumaku kwenye injini zote tatu, wamezoea kuzipokea zikiwa tayari zimevalishwa o-ringi, ule mpira mdogo kama pete, siku hiyo hazikuwa nazo na hawakuangalia. Oili ikavuja kwenye injini zote. Marubani walipoona presha inaanguka kote walidhani geji ndo mbovu, maana nani atawaza injini tatu ziishiwe oili siku moja? Mbili zikazima zenyewe juu ya bahari baada ya ile ya kwanza kuzimwa na rubani, ndege ikashuka bila nguvu kutoka futi 13,000 mpaka 4,000 hivi, ndipo wakafanikiwa kuiwasha tena ile waliyoizima mwanzo, wakarudi Miami wakatua nayo hiyohiyo moja. Wote 172 wakapona. Kwa hiyo ukiona fundi mmoja anapima injini ya kushoto na mwingine ya kulia usidhani ni uvivu. Kosa moja likitoka mkono mmoja lisienee kwenye injini zote.

Ndege ndogo za kujifunzia za pistoni, kama Cessna 172, ziko karibu zaidi na gari lako. Ile 172S sampu yake inachukua makopo 8 na haitakiwi kuruka ikiwa chini ya 5. Hiyo unapima kabla ya kuruka, na kama imezimwa sasa hivi unaisubiri kidogo oili ishuke. Huku kwetu juu asubuhi za Juni oili nzito inakuwa kama asali, presha inapanda sana ukiwasha, usiikimbize injini, iache ipate joto kwanza. Oili yake na ya turbini havichangamani hata kidogo, ya turbini ni ya kutengenezwa kiwandani, nyepesi, na hata ya turbini kwa turbini hatuchanganyi chapa hovyo. Kwenye ndege kubwa jenereta, stata, kila kimoja kina oili yake na kipimo chake, siwezi kuvimaliza hapa. Haidroliki ya ndege kubwa, yale majimaji ya kusukumia breki na magurudumu kwa presha, ndo usiite oili kabisa, ile ya zambarau ikikurukia jichoni utalia kama umekatiwa vitunguu gunia zima.

La mwisho ni la mtaani. Watu huniomba masalia ya oili ya ndege kwa ajili ya bodaboda, wanadhani itapaa. Haitapaa, klachi itateleza na baadhi ya mipira itavimba. Hilo dogo. Kubwa ni makopo. Oili nyingi za turbini zina kemikali inaitwa TCP ya kuzuia chuma kusagana, na aina fulani ya hiyo kemikali inaua mishipa ya fahamu. Mwaka 1959 kule Meknes, Moroko, wafanyabiashara walichanganya masalia ya oili ya ndege kwenye mafuta ya kupikia wakauza, watu takriban 10,000 wakaumwa, wengi wakapooza miguu. Oili za siku hizi ile aina mbaya imepunguzwa sana, ila mimi bado navaa glovu, na huku kwetu alizeti inauzwa kwenye kila chombo kinachoshika maji. Sisi makopo yetu tunayatoboa chini kwa msumari kabla hayajatoka hanga. Kwa hiyo ukikuta sokoni kopo la bati lenye picha ya ndege, halina tundu, na ndani kuna mafuta ya kupikia, usinunue hata ukiuziwa nusu bei.