Lawama Zinazostahili Kuta: Dhana Potofu Kuhusu Hadhira za Muziki

Hapa Tanga onyesho la muziki likiharibika, lawama huwaangukia waliokuja kutazama. Husemwa kwamba wamepiga soga msanii akiimba, wameziba njia, wamesukumana mlangoni, na mwishoni hutajwa kwamba watu wetu hawajazoea mambo ya ukumbini. Ni mara chache mtu huuliza jukwaa lilikuwa na kimo gani, njia kati ya viti iliruhusu watu wangapi kupishana, au paa la bati lilifanya nini na sauti ya mwimbaji. Naona hadhira ya mji huu inaonewa, na ndiyo maana nimeona vyema kuzipima dhana zinazorudiwa zaidi.

Dhana: Hadhira inayonyamaza imestaarabika kuliko inayoshangilia.

Ukimya wa ukumbini una historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Katika majumba ya opera ya Ulaya ya karne ya 18 mishumaa iliwaka upande wa watazamaji muda wote wa onyesho, na wenye mali waliokodi vyumba vya pembeni walizungumza, walikula na kucheza karata huku waimbaji wakiendelea. Julai 1778 mtunzi wa muziki Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akimweleza kwa furaha kwamba hadhira ililipuka kwa makofi katikati kabisa ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake mpya. Hakuiona kuwa ni utovu wa adabu, bali alikuwa ameiandika sehemu hiyo akitarajia kuwa itawapendeza. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1876, mtunzi wa opera Richard Wagner alifungua ukumbi wake wa Bayreuth, Ujerumani, ambamo taa za upande wa watazamaji zilififishwa, orkestra ikafichwa shimoni mbele ya jukwaa, na viti vyote vikaelekezwa upande mmoja. Mtu aliyekaa gizani, asiyeweza kumwona jirani yake wala kuonwa naye, hubaki na kitu kimoja tu cha kushughulika nacho. Fikra kuhusu muziki zilikuwa zimebadilika pia, lakini jengo ndilo lililozifanya fikra hizo ziwe mazoea ya mwili.

Hata kwetu jambo hili linaonekana bila kwenda mbali. Mtu yule yule anayekaa mkekani kwenye maulidi, akiitikia kasida kwa mwendo wa mabega tu, ndiye utakayemkuta siku nyingine amesimama kwenye duara la ngoma, ambapo hakuna mstari unaowatenga wachezaji na watazamaji, na ambapo kukaa kimya ndiko kungeonekana kuwa ni dharau.

Dhana: Kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa ni kuvuruga onyesho.

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inakata mzizi wa taarabu yenyewe. Anayeinuka na noti mkononi huwa amesubiri ubeti wake. Ubeti ukigusa jambo linalomhusu, iwe ni shukrani kwa mume, kumbukumbu ya penzi au fumbo la kumfikia jirani aliyekaa safu ya tatu, hunyanyuka hapo hapo, hutembea kwa madaha, na kila mmoja ukumbini hujua amejibu nini na pengine amemjibu nani. Safari ile ya kutoka kitini hadi kwa mwimbaji ni sehemu ya wimbo, na kwa hiyo upana wa njia anayopita ni sehemu ya ala.

Tanga ina haki ya kulisemea jambo hili. Katika miaka ya 1960 vikundi vya hapa, Black Star na Lucky Star, viliipa taarabu sura mpya: badala ya orkestra kubwa ya Kiunguja yenye fidla nyingi na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa), walitumia kundi dogo lenye magitaa ya umeme, besi na mapigo yaliyokaribia dansi. Sauti kama ya Shakila ilifika mbali kwa mtindo huo. Kundi dogo linaenea uani, linaenea chini ya turubai lililofungwa barabarani Ngamiani, na mahali kama hapo mwimbaji husimama usawa mmoja na wasikilizaji, hatua chache kutoka kwao. Orkestra ya watu wengi huhitaji jukwaa na safu za viti, na wasikilizaji wake hukaa kwa utulivu zaidi. Siamini kwamba tofauti hiyo ilitokana na tabia ya watu wa Unguja na wa Tanga. Nadhani ilitokana kwa sehemu kubwa na nafasi ambayo kila mtindo uliihitaji.

Sasa lichukue kundi la taarabu ulipeleke katika ukumbi wa viti vilivyofungwa sakafuni, safu ndefu isiyo na mwanya, na jukwaa la kimo cha kifua lenye ngazi moja pembeni. Watunzaji hawataacha kutunza. Watapita wakikanyaga miguu ya waliokaa, watarundikana kwenye ngazi ile moja, na wengine watasimama pale pale walipo wakipunga noti, wakiwazibia walio nyuma yao. Vurugu hiyo imetokana na ramani ya ukumbi. Mwandaaji anayeondoa viti vya katikati ili kuacha njia pana, na kuweka ngazi mbili mbele ya jukwaa, moja ya kupandia na nyingine ya kushukia, hupata watunzaji wengi zaidi na msongamano mdogo zaidi.

Dhana: Watu wakianza kupiga soga, ongeza sauti ya spika.

Fundi mitambo wengi hufanya hivyo, na katika kumbi nyingi hali huzidi kuwa mbaya. Ukumbi wa sakafu ya sementi, kuta tupu na paa la bati hauinywi sauti, unairudisha. Msikilizaji aliye nyuma hupokea sauti inayomfikia moja kwa moja pamoja na ile inayorudi kutoka pande zote, na silabi iliyopita huvuma juu ya silabi inayofuata. Ukiongeza sauti unaziongeza zote mbili kwa kiasi kile kile, kwa hiyo kelele hupanda ilhali maneno hayaeleweki zaidi. Katika muziki ambao utamu wake uko katika mafumbo, asiyesikia neno hana sababu ya kuendelea kusikiliza, naye humgeukia jirani. Hapo huanza jambo ambalo daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza mwaka 1911: mtu aliye kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Jirani hupaza zaidi, fundi huongeza spika, na baada ya nusu saa ukumbi mzima unapiga kelele bila hata mmoja kuwa amekusudia.

Dawa ilijulikana zamani. Kuanzia mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alibeba mito ya viti usiku na kuipanga katika ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mvumo mbaya, akipima jinsi kila mto ulivyopunguza muda wa sauti kudumu hewani. Alichogundua ni kwamba muda huo huongezeka kadiri ukumbi unavyokuwa mkubwa, na hupungua kadiri vitu laini vinavyozidi ndani yake, miili ya watu na nguo zao ikiwemo. Ndiyo sababu mitambo iliyojaribiwa alasiri ukumbi ukiwa mtupu hutoa sauti tofauti usiku ukishajaa kanga na mabaibui. Pazia nzito ukutani na spika ndogo kadhaa zilizosogezwa karibu na wasikilizaji huleta utulivu kuliko spika kubwa mbili zilizowekwa mbele.

Uwanjani tatizo ni jingine. Katika sehemu wazi kama Mkwakwani hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka maradufu nguvu ya sauti hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Zaidi ya hayo, sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, hivyo aliye mita 100 kutoka jukwaani huisikia ngoma karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kuona mkono umeipiga. Wakipiga makofi, ya nyuma hayalingani na ya mbele, na mwimbaji hudhani watu wa Tanga hawajui mapigo.

Dhana: Watu hufa kwenye maonyesho kwa sababu ya hofu na kukanyagana ovyo.

Mara nyingi wanaofariki hufa wakiwa wamesimama, kwa kubanwa kifua hadi wasiweze kuvuta pumzi. Watu wanapozidi watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuchagua aende wapi, na aliye nyuma hana njia ya kujua kwamba mbele kuna mtu anakosa hewa. Cincinnati, Marekani, tarehe 3 Desemba 1979, watu 11 walipoteza maisha nje ya ukumbi kabla onyesho halijaanza: tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sababu ya kuwahi, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Kuwaambia watu kama hao wawe na subira kusingefungua mlango hata mmoja. Mwandaaji anayetangaza onyesho uwanjani afungue mageti mapema, yote, ayawekee walinzi wanaowasiliana na walio ndani, na eneo la mbele ya jukwaa aligawe kwa vizuizi ili msukumo wa nyuma usifike wote mbele.