Bakteria kwenye karatasi ya majibu

Mara kwa mara natumiwa picha za karatasi za majibu ya maabara, na juu yake mwenye karatasi amezungushia kalamu mstari mmoja: bakteria wameonekana kwenye mkojo. Swali linalofuata huwa ni dawa gani inunuliwe, na wakati mwingine dawa imeshanunuliwa na dozi imeshaanzwa. Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuotesha na kutambua bakteria kutoka katika sampuli za wagonjwa, na ningependa kueleza kwa nini mstari ule peke yake hauwezi kumwambia mtu kwamba anaumwa. Inabidi kwanza tujue bakteria huyo yuko wapi, wako wangapi, na amebeba nini.

Bakteria ni kiumbe hai chenye seli moja. Seli yake haina kiini kilichofunikwa kwa utando kama seli zetu. Vinasaba vyake, ambavyo kwa kawaida ni uzi mmoja wenye umbo la duara, hujikunja katikati ya ute wa seli, na pembeni mwake huweza kuwapo viduara vidogo vya ziada viitwavyo plasmidi. Nje ya utando wa seli kuna ukuta mgumu unaomzuia asipasuke maji yanapomwingia. Escherichia coli, ambaye daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885, ana urefu wa takribani mikromita 2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Akipata chakula cha kutosha na joto la mwili, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo bakteria mmoja aliyeanza saa moja asubuhi anaweza kuwa amefikisha uzao wa zaidi ya milioni mbili ifikapo saa nane mchana. Hesabu hiyo ina maana kubwa katika jiji la joto na foleni kama letu. Mkojo uliotolewa Gongo la Mboto na kuzunguka kwenye bajaji kwa saa tatu bila kuwekwa mahali pa baridi hufika maabara ukiwa na bakteria ambao mgonjwa mwenyewe hakuwa nao. Ndiyo sababu tunasisitiza sampuli ifike ndani ya saa mbili, au ihifadhiwe kwenye friji.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaonyesha kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, idadi isiyopishana sana na ile ya seli zake mwenyewe, na wengi wao wanaishi kwenye utumbo mpana. Huko huvunjavunja nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, hutengeneza vitamini K, na hushika nafasi na chakula ambavyo wageni hatari wangevitumia. E. coli ni mmoja wa wakazi hao wa kudumu, na akiwa utumboni kwa kawaida hamdhuru mwenyeji wake. Madhara huanza anapotoka kwenye njia ya haja kubwa, akaingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kwenye kibofu. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na kwa mwanamume unakaribia sentimita 20. Tofauti hiyo ya maumbile ni sababu kubwa ya wanawake kupata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi zaidi, na nasikitika ninaposikia binti akituhumiwa uchafu kwa sababu tu ameugua. Hata hivyo, si kila E. coli anayefika kwenye kibofu hufanikiwa kukaa, kwa kuwa mkojo humsomba. Wanaofanikiwa ni wale wenye vinywele vyembamba ambavyo nchani mwake kuna protini ya kujishikiza kwenye ukuta wa kibofu.

Suala la idadi tunalimaliza kwenye sahani ya kuoteshea, yenye chakula cha bakteria. Tunatumbukiza kwenye mkojo kitanzi kidogo kinachochota mililita 0.001, tunakipitisha juu ya sahani, kisha tunaiacha sahani usiku kucha kwenye nyuzi joto 35 hadi 37. Asubuhi kila bakteria aliyepandwa anakuwa ameota kundi linaloonekana kwa macho, na kwenye sahani yenye chakula kiitwacho MacConkey makundi ya E. coli huwa ya waridi kwa sababu huchachusha sukari ya laktosi na kutoa asidi. Kila kundi linawakilisha bakteria 1,000 katika mililita moja, hivyo makundi 100 ni sawa na bakteria 100,000, kiwango ambacho daktari Edward Kass alikipendekeza miaka ya 1950 kutenganisha maambukizi na uchafuzi wa sampuli. Si mpaka usiovukwa, maana mwanamke mwenye dalili zote za kibofu anaweza kuwa na idadi ndogo zaidi na bado akawa mgonjwa. Kinyume chake, zikiota aina tatu au nne kwa pamoja, mara nyingi tunakuwa tumeotesha bakteria wa ngozi, na huomba mkojo mwingine, safari hii ule wa katikati, unaokingwa baada ya kuuacha wa mwanzo upite.

Kuhusu kile ambacho bakteria amebeba, mfano ulio wazi kuliko yote ni kipindupindu, ambacho jiji hili linakifahamu vizuri. Mlipuko mkubwa wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni. Vibrio cholerae huishi kwenye maji ya pwani na midomo ya mito, na aina zake nyingi haziwezi kusababisha ugonjwa huo. Anayeua ana vinasaba vya sumu alivyoletewa na virusi wanaoshambulia bakteria. Bakteria mwenyewe hauli utumbo wala haingii kwenye damu. Sumu yake huingia kwenye seli za utumbo mwembamba na kuiacha wazi njia ya kumwaga chumvi, mithili ya koki iliyokatika, na maji hufuata chumvi, hata mgonjwa akaweza kupoteza lita moja kwa saa. Njia nyingine, ile inayofyonza sukari na chumvi kwa pamoja, sumu haiigusi, na kupitia njia hiyo ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari ya kunywa, huokoa maisha.

Homa ya matumbo nayo ingehitaji makala yake. Kwa leo niseme tu kwamba kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea, na si bakteria, na kingamwili hizo hubaki muda mrefu baada ya mtu kupona. Kipimo kimoja chenye majibu chanya hakithibitishi ugonjwa. Kinachothibitisha ni kuotesha damu.

Nasisitiza haya yote kwa sababu ya dawa. Penisilini na jamaa zake huzuia ujenzi wa ukuta wa bakteria, na kwa kuwa seli zetu hazina ukuta huo, hazidhuriki. Lakini dawa uliyoimeza huwafikia pia wale wakazi wa utumbo wasio na hatia: wanyonge hufa, na wachache wenye kimeng'enya cha kuivunja dawa hubaki na kuzaana. Vinasaba vya kimeng'enya hicho mara nyingi viko kwenye zile plasmidi, na bakteria humpa mwenzake nakala yake kupitia mrija mwembamba, hata kama mwenzake ni wa jamii nyingine. Kwa hiyo dozi iliyomezwa kwa ajili ya mstari wa karatasi inaweza kuandaa utumboni E. coli sugu, ambaye siku akipanda kwenye kibofu hatasikia dawa ileile. Mtu asiye na dalili yoyote, ambaye bakteria wameonekana tu kwenye mkojo wake, kwa kawaida hahitaji dawa. Mjamzito hayumo katika kanuni hiyo, kwa sababu kwake bakteria hao hupanda kwa urahisi hadi kwenye figo. Wala hayumo anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo. Naye mwenye homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni aende hospitali siku hiyohiyo: atoe mkojo wa kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, kisha aanze matibabu bila kusubiri majibu.