Wageni Kwenye Bwawa la Msituni: Wakusanywe, Wasitawanywe

Bwawa la maji ya kunywa lililozungukwa na msitu huvuta watu. Wapo wanaokuja kutembea, wapo wavuvi wa ndoano, wapo wanaofuata ndege kwa darubini, na wapo wanaotafuta kivuli tu. Kila wadau wanapokutana huzuka ubishi kama waruhusiwe au wapigwe marufuku. Mimi naona ubishi huo unatupotezea muda. Bwawa lisilo na wageni halali huishia kuwa na wageni wa kujiiba, wasio na choo wala njia. Tuulize badala yake: watu hawa wakanyage wapi?

Msitu ndio mtambo wa kwanza wa kusafisha maji. Mvua ikianguka juu ya majani makavu, mboji na mizizi, maji huzama taratibu na kufika bwawani yakiwa yameacha tope njiani. Ardhi ikishindiliwa na miguu, vitundu vya hewa udongoni huziba, na maji yaliyopaswa kuzama hutiririka juu yakizoa udongo. Udongo huo hubeba fosforasi, kirutubisho ambacho mara nyingi ni haba katika maji baridi. Kikizidi, saianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani wa kijani, hufumka, na uso wa maji huonekana kama umemwagiwa rangi ya kijani. Baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Maji ya namna hiyo usiyaguse, na mbwa asiyalambe.

Watafiti wanaochunguza athari za matembezi porini wamebaini jambo linalowashangaza wengi: uharibifu hauongezeki sambamba na idadi ya watu. Sehemu kubwa hutokea mwanzoni kabisa, pale wachache wa kwanza wanapopita mahali ambapo hapajakanyagwa. Mimea laini hulala, kisha hufa, na udongo hubaki wazi. Wageni wanaofuata, wakipita palepale, huongeza madhara kidogo tu. Kwa hiyo ule ushauri wa kuwatawanya watu ili wasilemee sehemu moja, ingawa hutolewa kwa nia njema, hueneza uharibifu msitu mzima. Njia moja imara hubeba umati, ilimradi iwe imechongwa vizuri: ikingame na mteremko badala ya kushuka moja kwa moja majini, na iwe na michirizi ya kutoa maji pembeni, yaishie kwenye majani na si kwenye kijito. Mara nyingi michirizi hiyo husahaulika, kisha njia yenyewe hugeuka mfereji.

Na kinachoamua watu waende wapi ni maegesho, wala si vibao. Wengi hawaendi mbali na gari lao. Ukiweka maegesho ukingoni mwa maji, umeshaamua kwamba ukingo utakuwa uwanja. Yasogeze nyuma ya ukanda wa miti, ujenge njia moja inayofika kwenye jukwaa la mbao au mwamba mgumu wenye mandhari nzuri, nao watakwenda huko kwa hiari yao.

Choo kiwe hapohapo kwenye maegesho. Ningepewa fedha za kujenga kitu kimoja tu, ningejenga choo chenye tanki lisilovuja, linalonyonywa kwa gari. Choo cha shimo kwenye udongo wenye maji karibu hakifai. Sababu ni vimelea vinavyotoka kwenye kinyesi. Mmoja wao, Cryptosporidium, ana ganda gumu, na klorini kwa kipimo cha kawaida cha maji ya bomba haimwui. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua baada ya kimelea huyo kupenya mtambo wa kusafisha maji. Maji yale yalitoka ziwani, si kwenye bwawa la msituni, lakini hatari ni ileile: kisichoingia majini hakihitaji kutolewa. Anayekwenda mbali na choo achimbe kishimo cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka majini, na afukie.

Kuhusu kuogelea, watu hudhani tunawanyima raha. Mwogeleaji huacha vijidudu majini hata akiwa mzima wa afya. Tena bwawa lina hatari zake: juu maji ni vuguvugu, chini ni baridi kali, na karibu na milango ya kutolea maji mna mvuto usioonekana ukiwa ufukweni. Quabbin, bwawa linalohudumia Boston na lililojaa kwa mara ya kwanza mwaka 1946, limezungukwa na msitu unaotembelewa sana. Kuogelea huko ni marufuku, ila uvuvi unaruhusiwa kwa msimu katika sehemu zilizotengwa. Huo ndio mpangilio ninaouunga mkono: kila shughuli na eneo lake, na pale mabomba yanapovuta maji pasifikiwe na mtu.

Boti huja na mashaka yake. Kome wa pundamilia, kome wadogo wenye magamba ya milia, asili yao maeneo ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, waligunduliwa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, na tangu hapo wamekuwa wakiziba mabomba ya maji. Vifaranga vyao havionekani kwa macho na husafiri ndani ya maji yaliyobaki botini. Safisha boti, mwaga maji yote, ikauke kabisa kabla ya kuiingiza kwenye bwawa jingine. Vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha ndoano navyo viachwe nyumbani, maana ndege wa majini wakivimeza hufa kwa sumu.

Wakati wa ukame maji hushuka na mkanda mpana wa tope hubaki wazi. Macho ya dereva huuona kama uwanja wa bure. Vizuizi vya mawe au magogo viwekwe kabla maji hayajashuka, kwa sababu alama za matairi ya gari la kwanza ndizo zitakazofuatwa na mengine yote, na mvua ya kwanza itausomba udongo uliotifuliwa humo moja kwa moja hadi bwawani.