Mseto, muungano, na kuunga mkono hoja

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, redio iko juu ya kabati, mchambuzi wa siasa za kimataifa akatangaza kwamba Marekani sasa kuna "muungano mpya wa kushoto na kulia". Alikuwa anazungumzia nyaraka za kesi ya Jeffrey Epstein, yule tajiri wa Kimarekani aliyeshtakiwa kwa biashara ya ngono ya wasichana wadogo. Kinyozi akazima mashine, akaniuliza, "Kwa hiyo bro, vile vyama vimeungana?" Nikamwambia hapana, malizia kichwa. Ila swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kosa ni la neno alilotupiwa.

Maana kwanza, harakaharaka. Wapenda maendeleo ni wanasiasa wanaotaka serikali itumie sheria na fedha zake kupunguza pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho, na kuwapa haki waliokuwa wameachwa nje. Mhafidhina ni ndugu wa kuhifadhi, hata kwa mzizi wa Kiarabu: anataka dini, mila, familia na mipaka ya taifa vibaki kama alivyovikuta. Mpopulisti huigawa nchi mafungu mawili, wananchi wema huku na wakubwa walafi kule, kisha yeye hujitangaza msemaji wa wananchi. Yupo wa kushoto na yupo wa kulia. Magazeti yetu humwita "mwanasiasa wa kutafuta umaarufu", tafsiri isiyomtenga na mtu yeyote, maana hata diwani wangu anatafuta umaarufu. Mzizi wa jina lake ni neno la Kilatini la umma, na lilienea kutokana na wakulima wa Marekani waliounda Chama cha Umma mwaka 1892, wakiwa na hasira na mabenki na makampuni ya reli. Mpopulisti mhafidhina basi ni yule anayewapigania "wananchi" dhidi ya wakubwa, na papo hapo anawalinda dhidi ya wageni na mambo mapya.

Je, huyu na mpenda maendeleo wanaweza kushirikiana? Wanaweza, na wameshafanya hivyo. Kinachonikera ni tabia ya kuita kila ushirikiano muungano.

Tulifungue neno. Kuunga ni kushikiza kitu na kitu mpaka viwe kimoja. Mganga wa mifupa anaunga mfupa, na akifanya kazi yake vizuri mwakani hujui ulivunjikia wapi. Mama anaunga mchicha kwa nazi, na hapo tena hakuna wa kukutolea nazi ndani ya mchicha. Ukitia -na unapata kuungana, kila mmoja kumwingia mwenzake. Ndiyo maana Aprili 26, 1964 jina lililochaguliwa lilikuwa Muungano, na picha tuliyokua nayo ukutani shuleni ni ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Viti viwili kule Umoja wa Mataifa vikawa kimoja. Tunabishana mpaka leo serikali ziwe mbili au tatu, lakini tunabishana hivyo kwa sababu kilichofanyika kilikuwa kizito. Wakenya nao wana mfano wao: Machi 2002, pale Kasarani, chama cha NDP cha Raila Odinga kilivunjwa kikaingia ndani ya KANU. Huko ndiko kuungana. Kimoja kilikufa ili kingine kinenepe, ingawa KANU yenyewe haikunenepa kwa muda mrefu.

Sasa chukua neno hilo uwavike wabunge wawili wa Marekani, Thomas Massie, Mrepublican wa Kentucky, na Ro Khanna, Mdemokrati wa California. Walichofanya ni hiki. Walitaka kura ipigwe bungeni kuilazimisha Wizara ya Sheria itoe nyaraka za Epstein. Uongozi wa bunge haukutaka. Kanuni inasema ukipata saini 218 unaweza kuupita uongozi. Wademokrati walikuwa na saini 214. Warepublican wanne wakatia zao: Massie, Marjorie Taylor Greene, Lauren Boebert na Nancy Mace. Saini ya 218 ilipatikana Novemba 12, 2025, na siku sita baadaye muswada ukapita kwa kura 427 dhidi ya 1. Uhamiaji haukuzungumzwa, utoaji mimba haukuzungumzwa, wala hakuna aliyehama kiti. Massie mwenyewe, tukisema kweli, ni mtu wa kutaka serikali ipunguzwe, si mpopulisti hasa. Wapopulisti wa kweli humo ni Greene na Boebert.

Kiswahili kina jina la jambo hilo, tena kila anayefuatilia Bunge la Dodoma amelisikia mpaka limemchosha: "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja." Angalia kinachoungwa hapo. Ni mkono tu, na ni kwa hoja iliyo mezani. Kesho ikija hoja nyingine mkono unarudi mfukoni. Maseneta Bernie Sanders na Mike Lee, mmoja wa kushoto kabisa na mwingine mhafidhina wa Utah, walifanya hivyo kuhusu Yemen: walitaka Marekani iache kuisaidia Saudia katika vita ile. Seneti ikapitisha kwa 54 dhidi ya 46 mwezi Machi 2019, bunge la wawakilishi likafuata, na Trump akaipiga veto mwezi Aprili. Veto haikuwavunja, maana hapakuwa na cha kuvunja. Kila mmoja alikuwa bado kwake.

Katikati ya mkono na mwili mzima kuna neno ninalolipenda kuliko yote: mseto.

Linatokana na kuseta, yaani kuponda. Kamusi za zamani zinautaja mseto kama chakula cha mtama na choroko. Kwetu ulikuwa mchele na choroko, ambazo Mombasa huziita pojo na Nairobi ndengu. Bibi alikuwa anatanguliza choroko, kwa sababu zina kiburi, zinataka moto mrefu. Zikianza kupasuka ndipo anatia mchele, halafu tui, mwisho mwiko. Anaponda kweli, lakini akipakua bado unaona maganda ya kijani, na sisi watoto tuliokuwa hatuzitaki tulikuwa tunazisukuma pembeni ya sahani, moja moja, mpaka tunakemewa. Chungu kimoja na sahani moja, na choroko ni choroko. Anayemeza dawa mseto ya malaria anaijua tabia hiyo kwa upande mwingine: mna dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, ya kwanza inaua vimelea kwa kasi na kuisha mwilini mapema, ya pili inabaki siku kadhaa kumalizia masalia. Zimewekwa pamoja kwa sababu ya adui mmoja. Hakuna anayedai zimeungana.

Kisiasa, neno lilikaa midomoni mwa watu wengi baada ya Februari 28, 2008, Kibaki na Raila walipotia saini mkataba wa serikali ya mseto Kenya. Wenyewe waliipa jina la jikoni vilevile, nusu mkate.

Na mseto wa wapenda maendeleo na wapopulisti wahafidhina upo, haukuhitaji kubuniwa. Uliiongoza Ugiriki karibu miaka minne.

Januari 25, 2015 chama cha Syriza, cha kushoto hasa, kilishinda uchaguzi kikapata viti 149 kati ya 300. Vilipungua viwili. Wakomunisti, wenye viti 15, walikuwa wameshasema hawataki kushirikiana naye mtu. Kesho yake asubuhi kiongozi wa Syriza, Alexis Tsipras, akakubaliana na Panos Kammenos wa ANEL, chama cha kulia chenye viti 13: wazalendo wakali, watu wa kanisa, wasiotaka wahamiaji. Tsipras akaapa bila Biblia, waziri mkuu wa kwanza wa Ugiriki kufanya hivyo, na shingoni hana tai. Kammenos aliyepewa wizara ya ulinzi akaapa kiapo cha dini. Serikali moja, viapo viwili. Hayo ndiyo maganda ya choroko, unayaona kabla hata hujaonja.

Kilichowaweka kwenye chungu kimoja ni masharti ya mikopo ya wale watatu: Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wote wawili waliyakataa. Hata baada ya kura ya maoni ya Julai 5, ambapo zaidi ya asilimia 61 walisema hapana, kisha Tsipras akageuka akakubali mkopo mwingine wa hadi euro bilioni 86, Kammenos alibaki. Wakashinda tena Septemba. Desemba mwaka huohuo ukaja muswada wa kutambua wapenzi wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Chama cha Kammenos hakikuuunga mkono, ukapita kwa kura 193 zikiwemo za upinzani, na serikali haikuanguka.

Ilianguka wapi? Kwenye jina la nchi jirani. Mwaka 2018 Tsipras alikubaliana na majirani zake kwamba nchi yao iitwe Makedonia Kaskazini, mgogoro ukaisha. Kwa Kammenos, aliyeona jina Makedonia ni la Wagiriki peke yao, hilo lilikuwa kuuza taifa. Akajiuzulu Januari 13, 2019, baadhi ya wabunge wake wakagoma kumfuata, na mkataba ukapitishwa kwa kura 153 tarehe 25 Januari, miaka minne kamili tangu ule ushindi. ANEL haikugombea hata uchaguzi wa Julai.

Ukitazama vizuri, watu hawa walielewana kila walipotazama juu, kwa mabenki na wakubwa wa Brussels. Walipotazama pembeni, kwa jirani, mgeni au mtu wa imani tofauti, kila mmoja aliona kitu chake. Mpopulisti mhafidhina ana maadui wa pande mbili, mpenda maendeleo ana wa juu tu. Ndiyo sababu naamini wanaweza kuunga mkono hoja pamoja kila wiki, wanaweza kupika mseto endapo hesabu za viti zitawalazimisha, ila kuungana sijawaona na sitegemei kuwaona. Waitaliano walikuwa waangalifu zaidi ya mchambuzi wetu: mwaka 2018 vuguvugu la Nyota Tano, ambalo si la kushoto moja kwa moja wala la kulia, lilipokubaliana kuunda serikali na Lega, chama cha kulia cha Salvini, kiongozi wa Nyota Tano, Luigi Di Maio, alisisitiza kwamba ni mkataba, si muungano. Agosti 2019 Salvini akautupa. Kwa jina angalau Di Maio hakumdanganya mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa redioni, na nasema hili kwa heshima maana habari zenyewe ulizipata sawasawa: kwa Massie na Khanna sema waliunga mkono hoja moja. Kwa Tsipras na Kammenos sema mseto, wasikilizaji wataelewa, wengi wameula. Hilo neno muungano liweke akiba kwanza. Siku likihitajika utajua, maana chama kimojawapo kitakuwa kimeshafunga ofisi na kushusha bendera.