Hitchcock: siri si taharuki

Wengi hudhani filamu bora za Alfred Hitchcock ni zile zinazoficha siri hadi mwisho. Sivyo. Katika Notorious (1946) tunajua mapema kwamba Alicia, mwanamke jasusi, ameiba ufunguo wa stoo ya mvinyo ya mumewe. Shampeni ya sherehe ikiisha, mume atalazimika kushuka stoo, na Alicia yumo humo na jasusi mwenzake! Kila chupa inayofunguliwa inawapunguzia muda.

Stage Fright (1950) ilikwenda kinyume. Mwanzoni Jonathan, anayeshukiwa kwa mauaji, anamsimulia rafiki yake Eve kisa kinachoonyeshwa kama kweli, kumbe uongo. Tunashtuka mara moja tu, karibu na mwisho. Kabla ya hapo hatuhofii usalama wa Eve, kwa kuwa hatujui kwamba Jonathan anayemsaidia ndiye muuaji. Hitchcock mwenyewe baadaye alikiri alikosea.